Sarafu Juu ya Barafu

Fedha ya korosho iliingia Jumanne.
Jumatano nilikuwa Masasi, pale Mkuti,
futi kamba ya fundi cherehani shingoni,
kwa kuwa mlango wa stoo yangu ni mwembamba
na sitaki kitu cha kulala barazani.

Kijana wa duka, Nambunga, akanipeleka kwanza
kwenye friza ya kusimama, yenye droo,
nyeupe kama meno ya bandia.
"Mama, hii unaona kila kitu bila kuinama.
Tena haijai barafu. Inajiyeyusha yenyewe."
Kwa kitu gani?
"Inajipasha moto kidogo, usiku, wala hujui."
Nikamwambia, mwanangu, nilishaolewa na mtu
aliyekuwa akitoka kidogo usiku, wala sijui.
Nionyeshe nyingine.

Lakini kwanza niliufungua ule mlango.
Ilikuwa inawaka, ndani soda tatu za maonyesho.
Baridi yote ikanimwagikia kwenye kandambili
kama ndoo iliyopigwa teke.
Kumbe baridi ina uzito.

Ya kulala ilikuwa pembeni,
imebebeshwa feni na majiko ya gesi, haisemewi neno.
Lita mia mbili.
Nikazamisha mkono mpaka kwapani, nikapima:
mbuzi mmoja bila kichwa,
na nafasi ya chupa za maji za kujazia,
maana friza tupu haistahimili giza,
na kwetu Nachingwea giza halipigi hodi.
Nikabana noti ya elfu mbili kwenye mfuniko,
nikaivuta. Ikagoma.
Noti yangu ya kwanza kukataa kuondoka.

"Nyama ya biashara, mama?"
Ya mtu mmoja.
Beberu wa Salhina, aliyezaliwa wiki
Salhina alipopangiwa uuguzi Kigoma,
amevunjika mguu kwenye shimo la choo kipya.
Tulimchinja Jumatatu. Sasa yuko kwa jirani
katikati ya chupa za soda, kwa hisani,
na hisani nayo huchacha.
Likizo ya Salhina ni Julai.
Nikahesabu kwa vidole, nikamwonyesha: minane.
"Itakaa, ukiifunga vizuri isipate hewa.
Lakini mama, Julai si utanunua mbuzi mwingine?
Mbuzi hawajaisha."

Sikumjibu. Ningemjibu nini?
Kwamba baba yangu alikuwa manamba, mkonge, Tanga,
na mama alitundika paja la pofu juu ya moto,
chumvi na moshi, asiguse mtu,
nasi tukala kisamvu chini yake
tukitazama juu kama vifaranga?
Mwezi wa tano likaingia wadudu.
Mama akalishusha, akalikwangua, akalirudisha.
Baba alikuja mwaka uliofuata.
Akalitafuna mpaka taya likamlemea,
hakusema kitu,
akasogeza sahani aongezwe.

Nikatoa fedha. Nikaongeza ya stabilaiza.
Ilikuja na kirikuu, imesimama wima,
na dereva hakutaka kusikia habari ya kuipumzisha;
niliipumzisha mwenyewe, saa nne na ushee,
nimekaa mbele yake kama mkunga.
Ndipo nikaichomeka. Ikakohoa. Ikanguruma.

Nyama nimeifunga vifurushi bapa,
nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: PAJA. MBAVU. SHINGO.
Juu yake nimeweka kikombe cha maji,
na yalipoganda, sarafu ya mia mbili juu ya barafu.
Nikienda Ndanda kliniki, nikalala huko,
nikirudi nafungua kikombe kabla ya mtandio.
Sarafu ikiwa juu, tumelala salama.
Ikiwa chini, umeme ulikatika, barafu ikayeyuka,
hata kama kila kitu kimeshaganda tena
na kujifanya hapakutokea neno.
Ningekuwa na kikombe hicho ujanani!

Leo ni Machi.
Nimeikuta imezama nusu.
Nikatoa mbavu, nikazipika zote,
nikamwita jirani wa soda na wanawe.
Paja sikuligusa.
Nimegandisha kikombe upya, nikairudisha sarafu juu.