Kinu cha Kaptembwo

Tunafanyia mazoezi kwenye kinu cha unga,
saa mbili usiku, mkanda ukishapoa.
Wafubwa hupanga ngoma zake kati ya magunia;
mimi hufuta spika kwa shati, na vumbi jeupe
hurudi kabla sijakaza waya wa tatu.

Watu huniuliza nyimbo hutoka wapi.
Ningependa kusema Menengai, mvuke wake, giza lake.
Kweli ni kwamba siku moja mota ilikwama,
ikanguruma kwa sauti moja, nzito, yenye kutu,
mwenye kinu akaanza kuitukana.
Nami nikaitafuta ile sauti kwenye gitaa
miaka minne.

Nimeipata mara mbili.
Ya kwanza, stima ikapotea.
Ya pili, hakuna aliyekuwa akirekodi,
ila mama mmoja aliyechelewa na debe lake la mahindi
alisimama mlangoni, akangoja tumalize,
akauliza:
"Sasa hiyo mashine yenu, inasaga kilo kwa pesa ngapi?"

Bado sijamjibu.
Kila Ijumaa nazungusha sauti hadi mwisho,
mabati yanatetemeka,
unga unatudondokea nywelani,
tunazeeka
ndani ya wimbo mmoja.