Kiti Chekundu

Walituita ukumbini, wauguzi kumi na mmoja,
na Eliaremisa wa usafi, ambaye mafunzo hayajawahi kumjua jina.
Tukasaini posho. Tukamimina chai.
Masika ilikuwa ikilipiga bati, Moshi nzima ikinuka udongo mbichi.

Mimi nilikwenda na sweta langu la kufuma.
Miaka kumi na tisa wodi ya njiti:
mshipa usioonekana nauona kwa ncha ya kidole,
mpira wa puani nimeupitisha gizani, umeme umekatika.
Nifundishwe nini tena? Kulia?

Mwalimu, binti wa Machame, sauti ya chini,
akanikabidhi karatasi: "Dada Anasia, leo wewe ni mama.
Umejifungua jana. Wiki ishirini na nane.
Hujamgusa bado."
Akaniketisha kwenye kiti cha plastiki, chekundu,
kile kile chetu cha wodini,
kilichopasuka ukingoni, kinachobana paja.
Kaa tu, akasema. Tazama.

Nikatazama.
Kutoka pale chini mtoto haonekani.
Unaona ukingo wa kioo, waya wa kijani,
na migongo.
Migongo myeupe inayojua kila kitu.

Mlio ukalia. Ilikuwa simu tu, tunaigiza mashine,
lakini moyo ulinipanda hadi kooni.
Felista, aliyekuwa nesi, akanyoosha mkono,
akauzima, akaenda zake bila kugeuka.
Ndivyo ninavyofanya.
Hata ule mwendo ulikuwa wangu.

Kisha tukaandika ubaoni maneno yetu ya kila siku:
Usijali.
Mwachie Mungu.
Bado kijana, utapata mwingine.
Acha kulia, maziwa yatakauka.
Hilo la mwisho ni langu. Nililitambua kwa haya.

Eliaremisa akainua mkono.
"Wanalia chooni," akasema. "Mimi ndiye ninayewakuta.
Wameuma kanga, ili nyie msisikie.
Huwa naegemeza fagio, nakaa nao kidogo.
Sikujua kama naruhusiwa."

Hakuna aliyekohoa.
Sweta langu lilikuwa limeachia mishono mitatu.

*

Saa nane usiku, kitanda cha nne, gramu mia tisa na sitini.
Kibandiko kinasema: Mtoto wa Ndelilio.
Jina lake mwenyewe bado; wanaogopa kumpa.
Baba yuko nje ya dirisha, helmeti ya bodaboda kwapani,
kwa sababu siku zote tunamwambia: baba, subiri hapo.
Nikamfungulia. Nawa mpaka kwenye kiwiko, nikamwambia.
Alinawa kama mtu anayeosha deni.

Nikavuta stuli. Magoti yakalalamika.
Nikasema: huu mlio mwembamba ni waya umeteleza.
Ule mzito ndio wa kutukimbiza.
Nikasema: saa nne alishika kidole changu, akakataa kukiachia.
Leteni chenu.

Ndelilio akauliza, Atapona?
Swali hilo nimelijibu miaka kumi na tisa
kwa kuitazama dripu.
Nikamtazama yeye.
"Sijui," nikasema. "Usiku huu anapumua vizuri. Nipo hadi asubuhi."

Hakulia. Au alilia, sikuhesabu.
Baada ya muda akainama chini ya kiti,
akatoa chupa ya mtori wa mama mkwe, haujaguswa tangu mchana,
akafungua kifuniko, akakijaza,
akanipa mimi kwanza.