Akiba Haiozi

Siku ya arobaini na moja, mikeka ikishakunjwa,
masufuria ya jirani yakisharudi kwa wenyewe,
nilifungua kabati la mama
nikakuta duka.

Dawa ya kikohozi, chupa nne, zote zimeanzwa.
Vidonge vya presha vya mwaka juzi,
vingine vya mwaka aliooa Lali.
Sindano za insulini ndani ya kopo la biskuti,
vijiti vya kupimia sukari, glavu za mpira jozi kwa jozi,
na mafuta ya kuchua magoti, hayajafunguliwa,
aliyoyanunua Malindi kwa sababu boksi lilikuwa zuri.

“Akiba haiozi,” ndilo lililokuwa jibu lake
kila nilipouliza, hiki nacho cha nini?
Na mimi nani wa kumlaumu?
Nilipeleka cheti, nikaleta boksi zima,
sikuwahi kutazama vilivyobaki.
Mapenzi hayakai yakahesabu.

Kaka yangu Famau: “Mwaga chooni, vuta maji, kwisha.”
Nikamuuliza, choo chetu kinaishia wapi?
Kisima cha Bi Rukia kiko hatua ishirini.
Wataka atawadhe kwa presha ya mama?
Akacheka.
Halafu akaacha kucheka.

“Basi jaani.”

Jaa nalijua. Jaa lina punda.
Mwaka jana yule mweupe wa Shee Bwana
alisimama kichochoroni siku mbili,
tumbo limewambika kama ngoma, hali, hanywi.
Alipokufa wakampasua.
Zikatoka karatasi za nailoni, kamba, soksi ya mtoto,
na katikati ya uchafu ule, kinang'aa,
kipande cha bamba la vidonge,
vishimo kumi, vyote vitupu.
Watu wakasema, maskini. Nami nikasema, maskini.
Lakini yale maandishi ya kijani niliyajua.
Nilikuwa nikiyasoma kila asubuhi
kabla ya kumpa mama maji.

Haiozi, mama. Ulisema kweli.

Nikatia vyote kikapuni, nikashuka Langoni.
Duka la kwanza la dawa, kijana hakuinua kichwa:
“Dada, sisi twauza. Kurudisha umekusikia wapi?”
Duka la pili lilikuwa limefungwa kwa swala.
Hospitalini, stoo ya nyuma, Shekuwe akafungua daftari,
akalipuliza vumbi. “Wewe wa tatu mwaka huu.”

Akatenga: sindano, kopo na yote, sanduku la njano.
Vidonge huku. Maboksi ya karatasi kule.
Dawa ya maji akaimimina ndomoni,
polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.
“Tanuri huwashwa Alhamisi,” akasema, “mafuta yakiwapo.”
Na moshi, nikauliza, unakwenda wapi?
Akatazama dari.
“Unakwenda,” akasema.

Sikutoka pale nimetakata.

Nilikuwa na cheti changu pia. Presha ni urithi.
Akaanza kuhesabu vya miezi mitatu, nikamzuia:
nipe vya mwezi, nyumbani ni karibu, nitarudi.
Akatoa mfuko wa plastiki. Kikapu kitupu nikakiweka mezani.
Tukatazamana, yeye na mfuko wake, mimi na kikapu changu,
kama watu wawili wanaogombania kulipa chai.
Akaurudisha kwenye droo.

Siku hizi husimama muda mrefu mbele ya rafu.
Huuliza kitaharibika lini, nina kingine kama hiki nyumbani,
na ganda lake, nikishalivua, litalala wapi.
Wauzaji wananijua. Nikiingia wanavuta pumzi.

Kitu kimoja sikukiacha stoo:
chupa moja ya kikohozi, ya kioo, niliiomba.
Nimeichemsha mara tatu, karatasi yake imekataa kubanduka.
Ndani nimetia mbegu za mrehani,
kutoka kwenye kile kichaka chake cha uani,
nizipande mvua zikianza.
Ubavuni bado imeandikwa: tikisa kabla ya kutumia.

Nikaitikisa.
Zikaitika.