Daftari la Bi Zamoyoni

Wiki ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo
nilifika Gerezani na shati la pasi kali,
kichwani mizania, mtaji, faida ghafi.
Bi Zamoyoni hakuuliza alama zangu.
Alinisukumia debe: "Hesabu bawaba."

Nikapata mia mbili na kumi na tatu.
Akahesabu yeye: mia mbili na sita.
"Saba umezizaa wewe?"
Vibarua wakacheka hadi duka la jirani.

Siku ya tatu akaja fundi Kibwana,
viatu vyeupe kwa saruji,
anataka mabati kumi, pesa Ijumaa.
Nikafungua mdomo nimweleze sera ya mikopo.
Bi Zamoyoni akamwuliza hali ya mama mkwe,
na ile nyumba ya Mbagala, imeshapita lenta?
Mwenyewe yuko mjini au kasafiri?
Kisha akampa sita.

"Kwa nini sita?" nikanong'ona.
"Hukumsikia? Mwenye nyumba ana pesa ya sita."

Usiku, hosteli, nikapekua madesa
nitafute ukurasa wa kuulizia wakwe za watu.

Ijumaa Kibwana hakuonekana.
Jumamosi, saa nane, jua la utosini,
akaja na nusu, na chungwa lililomenywa.
Bi Zamoyoni akanipa kalamu, mara ya kwanza.
Nikaandika jina, tarehe, kiasi,
nikasita kwenye safu ya mwisho.

"Andika *bado*," akasema.
"Kwa wino. Na uandike vizuri,
atakuja kusoma mwenyewe."