Kuchungulia Hakupunguzi

Saa tano usiku, mtaa wa Kiusa, Moshi,
ghorofani juu ya duka la mabati.
Chini Lembris, mlinzi, anachemsha chai.
Siku tatu tawi la Mwika wanapiga:
"Dada, malipo ya kahawa yamekwama,
wazee wako kwenye ngazi tangu alfajiri,
vitabu mkononi, na mvua hii."
Siku tatu nawajibu: subirini, ni mtandao.

Si mtandao.

Nimeufuata ujumbe wao hatua kwa hatua.
Umefumbwa, umepigwa muhuri,
umeshuka Himo, umepita nyaya za Kiboriloni,
na hakuna aliyeuelewa njiani,
hata mimi niliyeuchimbia njia.
Nusu yake haisomeki; ufunguo haufungui nusu.
Mpaka baiti ya mwisho iingie na muhuri ukubali,
ndipo maneno yanakuwa maneno.
Muhuri ulikubali. Maneno yakawekwa kwenye bafa,
kighala cha nyuma ya mlango,
na programu yangu, mjinga wangu mtiifu,
ikachota kata moja iliyoagizwa kuchota,
kisha ikarudi getini kungoja.
Ikaiuliza barabara: kuna mtu?
Barabara ikajibu, na haikusema uongo: hakuna.
Mgeni ameshakaa jikoni, amevua viatu,
mwenyeji yuko getini na tochi.

Nacheka peke yangu.
Lembris anauliza kutoka chini kama ni panya.

Ziko amri mbili.
Moja husoma: huchota,
na kilichochotwa hakirudi mtungini.
Nyingine huchungulia: hunyanyua kawa,
huona, hufunika.
Chungulia mara mia, ni kile kile,
hakipungui, hakisogei, hakijui kimeonwa.
Natumia hii ya pili, kwa woga wa fundi,
nisije nikamaliza pesa za watu kwa kuzitazama.
Naona: Ndetaulwa, kilo arobaini na mbili, daraja la pili.
Zipo.
Zimekuwepo tangu Jumatatu.

Simu yangu imelala kifudifudi kando ya kikombe.
Tangu saa kumi ujumbe wa Baba uko juu ya kioo,
mstari mmoja na nukta tatu:
"Aikande, nimetoka Mawenzi, daktari anasema..."
Nimenyanyua kawa mara sita.
Sijafungua. Nikifungua, kule Uru
vile vyema viwili vitageuka buluu,
naye atajua kwamba najua,
na kilichosomwa hakirudi kuwa hakijasomwa.

Jumapili alinipigia. Akauliza mvua,
akauliza bei ya betri za redio, akanyamaza,
akasema mgomba wa kando ya zizi umeanguka wenyewe,
bila upepo.
Nikangoja aseme jambo.
Siku zote hizi nimesimama getini na tochi.

Naandika mistari mitatu:
kabla hujaiuliza barabara, uliza ndani;
ndani kukiwa na kitu, usingoje, soma;
soma mpaka paishe.
Naipeleka. Kumi, mia, mia nne na kumi na saba,
malipo yanamwagika kama buni kwenye chekeche.
Kesho wazee watainuka kwenye ngazi,
wakilaumu magoti badala yangu.

Sasa simu.
Naigeuza. Kidole kinakataa, kisha kinakubali.

"...daktari anasema turudi Ijumaa, uje nami
kama kazi itakuachia. Kahawa nimekatazwa.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani
nimeionja kijiko kwa kijiko, nikitema.
Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuimeza."

Bafa tupu.
Maneno hayako njiani tena, yako kwangu.
Chai ya Lembris inanukia tangawizi hadi huku juu.
Kule Uru vyema vimegeuka buluu,
na chini ya jina lake, kabla sijagusa herufi,
Baba anaandika.