Zamu ya Maji

Kutoka dirishani kwangu, Mabatini juu,
ziwa lote unaliona mpaka linapogeuka mbingu,
na bombani hamna tone la kumnawisha paka.
Ndiyo Mwanza. Nyumba imeegemea jiwe,
jiwe limeegemea jiwe,
na mimi mwaka wa pili sijaegemea mtu.

Nina miaka arobaini na saba. Kazi yangu kupima macho.
“Funika la kushoto. Soma mstari wa tatu.”
Watu thelathini kwa siku nawatazama ndani ya mboni,
karibu kuliko wake zao,
kisha wananiambia asante daktari
(mimi si daktari)
na mlango unafungwa.
Kwenye simu nina majina mia mbili:
Fundi Friji. Mama Dagaa Kirumba. Yule wa Semina.
Nikifa, atakayepigiwa wa kwanza ni Bodaboda Igoma,
kwa sababu ya herufi B.

Maji hutoka Jumanne usiku kuamkia Jumatano,
saa nane, saa tisa, yakipenda.
Wiki ya kwanza nililala, nikalala na ndoo zangu.
Wiki ya pili ukuta ukagongwa: ko, ko, ko,
na sauti ya mwanamke, nzito kwa usingizi:
“Jirani! Yametoka!”
Basi. Hakuna zaidi.
Nikasimama gizani nimeshika jagi
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Miezi minane hivyo.
Mchana tukikutana kwenye ngazi za mawe,
yeye anapanda na gunia la mkaa,
tunapishana, “Za saa hizi?” “Nzuri,”
utadhani usiku ule ni wa watu wengine.

Halafu usiku mmoja nikaamka mwenyewe.
Bomba linakohoa. Ukuta kimya.
Nakiri: nilijaza zangu kwanza.
Ndipo nikatoka pekupeku, nikabisha kwake.
Alikuwa sakafuni, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi.
“Nimeteguka. Nakusikia tu unavyojaza,
nikasema, huyu hajui kugonga.
Pipa liko nyuma.”

Nilijaza pipa, ndoo mbili, hata sufuria la ugali.
Maji yalikuja mekundu; tukakaa kuyangoja yatuame.
“Kwani unaitwa nani?”
“Tabaro.”
“Mimi Ng’washi.”
Nililikosea. Akanirudisha,
kama ninavyowarudisha watu mstari wa tatu.
“Una watu hapa, Tabaro?”
Nikaanza: kazini tuko wengi, kuna kikundi, kuna…
“Nimeuliza watu.”
“Sina.”
Neno fupi. Lilikuwa limenikaa kooni
kama mwiba wa furu, miaka.

Hakunipa pole.
Alisema, “Chungulia ndoo ile. Tope limeshuka?”
“Bado.”
“Basi kaa.”

Jumanne iliyofuata bomba halikutoa hata pumzi.
Saa tisa nimekaa kitandani, ngumi hewani,
mtu mzima, naogopa ukuta.
Nikagonga.
“Yametoka?”
“Hapana.”
Kimya. Mbwa mmoja huko Igogo.
Nikaona haya, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Kisha, upande wa pili, taratibu:
ko.