Likizo ya Siku Kumi na Moja

Sijafungua hata begi la pili,
miguu bado imevimba kwa ndege,
na Igombe nzima imeketi barazani kwetu
juu ya mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa jana usiku.
Kila mtu kaja na ugonjwa wake,
kaushika vizuri, kama tikiti.

"Daktari wetu kafika," mama anatangaza,
na sauti yake imevaa kitenge kipya.

Sijamwambia kwamba kule
miaka miwili ya mwanzo sikuwa daktari wa mtu.
Usiku niligeuza wazee ubavu,
nikawafuta, nikawakata kucha.
Mchana nilisoma upya
yale niliyowahi kuwafundisha wengine pale Bugando.
Mtihani una ada, na ada ni ng'ombe wanne.
Nilifeli mara moja.
Hilo nalo sijamwambia.

Sasa wananiita daktari, kwa jina la ubatizo.
Ng'wigulu waliling'ata, likawavunja meno.
Nina dakika kumi kwa mgonjwa
na mashine inayoona ndani ya mtu kabla sijamgusa.
Wapo wanaoomba waonwe na mwingine.
Kwa adabu kabisa,
kama mtu anayerudisha dukani kiatu kisichomtosha.

Sitaki kudanganya: pesa ni tamu.
Ndiyo hii paa ya vigae,
ndiyo dawa ya presha ya mama, ndiyo ada ya Nkwimba hadi chuo.
Nyumba ina vyumba sita.
Mama analala kimoja,
kingine kinalala dagaa,
na vinne vinanisubiri mimi.

Analetwa mtoto wa mwaloni, miaka minane,
shingo kama kijiti, tumbo kama la mjamzito.
Choo chake kina damu, anasema shangazi yake.
Nami naanza:
tungepata vipimo vya damu, tungepata picha ya tumbo,
mngempeleka mjini leo hii...
naagiza tu, kama niko hotelini.

Sayi, muuguzi wa zahanati,
kaja zake kuchukua ndoo aliyoazima mama.
Anachuchumaa. Anapasha kiganja joto kwa pumzi.
Kinashuka chini ya mbavu za mtoto, taratibu,
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
"Bandama hili hapa. Daktari, si kichocho?
Huyu anashinda majini."

Watu wanacheka, si kwa ubaya.

Kichocho!
Mimi niliyepita shule kwa shule, Kayenze, Sangabuye,
na fito yangu ya kupimia kimo:
wa hapa vidonge viwili, wa hapa vitatu,
meza, fungua mdomo, nione ulimi.
Mimi niliyeumwa nacho darasa la tatu.
Na leo sikumgusa mtoto.
Nilikuwa natafuta pa kubonyeza.

Jioni anakuja Luhende, tuliyehitimu pamoja.
Kabakia kule kilimani, wodi mbili, daktari mmoja.
Namuuliza, zamu ya pili ni ya nani?
"Yako," anasema, anacheka,
na kabla sato hajaiva
kashalala kwenye kiti, viatu miguuni,
simu ameibana kifuani isije ikalia asiisikie.
Hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku ya kumi na moja, alfajiri.
Mabenchi yamerudi kanisani, limebaki moja.
Ziwa limetulia kijivu, gari la uwanja wa ndege liko njiani.
Natoka na begi,
namkuta mama amekaa kwenye benchi,
peke yake, kalamba na mafuta,
mikono juu ya magoti kama mgeni wa hospitali.

"Nimepanga foleni tangu ulipofika," anasema.
"Kila siku wananipita."

Unaumwa wapi, mama?

"Sijui. Wewe papasa tu."

Naweka begi chini.
Napasha kiganja joto kwa pumzi.